Msichana Asifiwe Peke Yake

Jumapili, 8 Septemba

Nimefua tena. Mashine ya pembeni haikamui vizuri, shuka nimeitandaza juu ya mlango na kiti. Chumba kizima chanuka sabuni. Hakuna wa kulalamika. Mwenzangu wa chumba alihama wiki ya kwanza kwenda kukaa na mpenzi wake, kitanda chake kimebaki godoro tupu. Nimekipangia vitabu vyangu ili kisinitazame.

Mama amepiga simu kutoka Euless, kwetu hapa Marekani, wakati wa mapumziko yake. Kazi yake ni kupakia vyakula vya abiria wa ndege. Akauliza nimekula nini, na nimekula na nani. Nikamwambia wali na kuku, na marafiki. Wali ulikuwa kweli.

Naandika Kiswahili kwa sababu hapa bwenini hakuna awezaye kukisoma. Na kwa sababu tangu Ijumaa sijakisema na mtu ila Mama.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda kwenye mkutano wa chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Nilivaa dera la kutoka Mombasa makusudi. Nikakaa karibu na Wakenya, wavulana wawili na msichana mmoja, wa Nairobi kwa lafudhi yao. Msichana akamwambia mwenzake, "Huyu Mhindi amekam kufanya nini huku?"

Nikamjibu, "Nimekuja kula, kama nyinyi."

Wakacheka mpaka wakainama. Wakaniomba radhi, wakanisogezea chapati. Watu wema, sina la kuwasema. Lakini jioni nzima walikuwa wakinijaribu. Sema hiki, sema kile. Kila nikisema, wanatazamana na kushangaa. Nimezaliwa Mombasa, mamangu kazaliwa Mombasa, na mamake vilevile. Nimechoka kuwa kioja.

Nimeondoka kabla ya muziki kuanza.

Jumamosi, 21 Septemba

Mai ni mwenzangu katika maabara ya kemia. Kwao ni Alief, Houston. Wazazi wake walitoka Vietnam. Anaongea haraka na kuvunja vioo vya maabara, lakini hunisubiri tukatoka pamoja, na hapa hilo si dogo.

Leo kanialika kwenye chama chake. Ni chama cha wasichana wa chuo, wenyewe wanakiita sororiti. Viko vingi hapa, kila kimoja na herufi zake za Kigiriki. Hiki chao kilianzishwa na wasichana wa asili ya Asia. Nikamwambia mimi si Mwasia, mimi Mkenya.

"Babu wa babu yako alitoka wapi?"

"Kachi. India."

"Basi."

"Sijawahi kufika huko."

"Na mimi sijawahi kufika Vietnam," akasema, akaendelea kuosha chupa.

Jibu nimekuwa nikilitafuta tangu mchana.

Ijumaa, 4 Oktoba

Wamenisaili. Walikaa watano upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Mwenyekiti anaitwa Joy, wazazi wake ni Wakorea. Mzuri, mnyoofu, nywele hazisogei. Aliuliza kwa nini nataka kujiunga nao. Nilikuwa nimejifunza jibu refu juu ya uongozi na huduma kwa jamii. Likanipotea. Nikasema, "Nataka mtu wa kula naye."

Joy akaandika kitu. Mmoja akauliza kama mtu wa Kenya ahesabika Mwasia. Hakuuliza kwa ubaya. Mai akasema sheria za chama hazimzuii mtu yeyote anayelikubali lengo lake, na wamewahi kuwa na dada kutoka Peru.

Nilirudi chumbani nikijua nimekosa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekubaliwa. Wanagenzi ni wanne, nami mmojawapo. Kila mmoja ana dada mkubwa wa kumlea. Wangu ni Mai.

Nilitaka kumpigia mtu simu. Mama hawezi kuambiwa. Kuna mwanamke kazini kwao aliyemwambia kuwa vyama hivi huwanywesha wasichana pombe na kuwaapisha usiku. Hapa hakuna pombe. Kuapa kupo, lakini ni Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa maktaba. Hata hivyo najua uso atakaouweka.

Jumatano, 16 Oktoba

Twafundishwa historia. Kila Jumatano, kisha twaulizwa mmojammoja.

Waanzilishi walikuwa wachache. Wakati huo ungeweza kukivuka chuo kizima usikutane na uso wa namna yako. Vyama vya wasichana vilivyokuwapo viliwakataa, au viliwapokea na kuwaweka mwisho wa meza. Wakaamua kuunda chao. Mwanzoni watu waliwacheka, wakisema hakitamaliza mwaka. Sasa kina matawi katika vyuo vingine. Malengo yake ni undugu, elimu, huduma, na kuufanya utamaduni wa Kiasia ujulikane na uheshimiwe. Majina ya waanzilishi twayasema kwa mpangilio, pumzi moja.

Nayapenda. Nayasema bafuni. Simjui mwanamke hata mmoja kati yao, lakini nilipoyataja leo bila kukwama, Joy alitabasamu na wote wakagonga meza. Nikatamani Jumatano ijayo ifike.

Ni upuzi kufurahia kugongewa meza. Nimefurahi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Houston. Kila mwanagenzi hupelekwa kwa dada wa zamani akamsikilize. Mimi nimepelekwa kwa mmoja wa waanzilishi wenyewe, Bi Hoa, jirani ya kwao Mai huko Alief. Mfamasia, sasa kastaafu. Mai aliendesha gari njia nzima akiimba.

Alief hakuna anayetembea kwa miguu. Duka la Wanaijeria, kanisa, mkate wa Kivietnam, kanisa tena. Tulisimama kwenye bucha ya halali Mai amnunulie mamake nyama ya mbuzi. Nje palikuwa na mzee akizungumza na simu, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, anamgombeza mtu juu ya mabomba. Nikasimama nyuma ya gari nikimsikiliza. Sikumsalimu. Alipokata simu nikaingia dukani haraka. Sijui nilimwogopa nini. Labda nilihofu atageuka, aniulize Kiswahili nimejifunzia wapi.

Bi Hoa ni mfupi, ana sauti nzito. Alitulisha kwanza. Kisha akaniambia niseme historia. Nikaisema yote. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Vizuri," akasema. "Hayo tuliyatunga baadaye. Chuo kilitaka kujua tuna malengo gani, tukakaa chini tukatafuta malengo."

Akatuhadithia. Mwaka wake wa pili chuoni babake alifariki wiki ya mitihani. Habari alizipata kwa simu ya bwenini, wasichana wakipita na mataulo. Akazika, akarudi, akafanya mtihani uliobaki. Kwao mwenye msiba hubandika kitambaa cheusi kifuani. Alikivaa kila siku. Msichana wa chumba cha pili akamuuliza kama hiyo ndiyo fasheni mpya. Wengine hawakuuliza. Siku moja kwenye foleni ya chakula msichana wa Kikorea asiyemjua alikitazama kile kitambaa, akauliza, "Ni nani?" Bi Hoa akasema, "Baba." Yule msichana akachukua sahani yake, akaja kukaa naye. Akala naye kila jioni mpaka shule ikafungwa. Muhula uliofuata wakawaita wengine.

"Chama ni hicho," Bi Hoa akasema. "Tuliona si haki msichana afiwe peke yake. Mengine yote ni mapambo."

Mai alikuwa hajawahi kuisikia hiyo. Amekulia mtaa huohuo.

Usiku huu nimejaribu kuliweka lengo hilo kwa Kiswahili. Msichana asifiwe peke yake. Ukilisoma mbiombio utadhani ni kusifiwa, kwamba apewe sifa zote yeye mmoja. Ndivyo baadhi ya dada zangu wangelisoma.

Ijumaa, 1 Novemba

Mazoezi ya kiapo. Mai ndiye atakayekisoma, sisi tutamfuatisha. Siku yenyewe ni Jumamosi ya tarehe tisa. Asiyehudhuria hangoji wiki ijayo, angoja mwaka ujao. Joy alilisema hilo mara mbili.

Mama kauliza tena. "Shamim, hukuingia kwenye vile vyama?"

"Sijaingia, Mama."

Na ni kweli, mpaka tarehe tisa. Nimejichukia kwa hesabu hiyo.

Nilimwambia Joy aliyoyasema Bi Hoa, kwamba yafaa yawemo kwenye historia tunayofundishwa. Akasema ni maneno mazuri sana, lakini historia ilishapitishwa na makao makuu, haiongezwi wala haipunguzwi. Akanishukuru kwa kushiriki.

Ijumaa, 8 Novemba

Simu ya Mama alfajiri. Nyumbani bibi mzaa mama twamwita Nani, ndivyo Kikachi kisemavyo. Sasa Mama ananiambia, "Nani amefariki."

Nami, na usingizi wangu, nikauliza, "Nani?"

"Nani."

"Nani, Mama?"

Akalia. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nimechukua treni mpaka ilipofika, kisha gari la kukodi. Njiani nimemwandikia Joy na Mai kwamba bibi yangu amefariki, kesho sitakuja, na nimeweka anwani ya Euless. Joy amejibu upesi kwamba amesikitika sana, na kwamba ataona sheria zasemaje.

Hatuwezi kusafiri. Karatasi zetu bado ziko kwa serikali, tukitoka hatuna uhakika wa kurudi. Nani amezikwa leo jioni kwa saa za Mombasa, kwetu hapa bado asubuhi. Binamu yangu alituonyesha kwa simu. Hatukuona mengi. Migongo ya wanaume, kanzu, mkono wa mtu ukifukuza nzi. Kisha simu ikaelekea chini na tukatazama viatu vya binamu yangu wakati bibi yangu anafukiwa. Mama hakumwambia ainyanyue. Alikuwa amefumba macho.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumetoa meza, tumetandika mazulia ya kuazima. Wamekuja akina mama wa Lamu na wa Unguja wanaokaa karibu na uwanja wa ndege. Kila aingiaye: makiwa. Wanamkumbatia Mama, wananipapasa kichwani, wanasoma, wanapika. Wote wana umri wa Mama. Wamekuja kwake. Mimi nimepeleka chai.

Simu yangu imelia siku nzima. Dada wote wa chama wameandika. Mioyo. Mioyo myekundu, mioyo myeupe, mikono iliyofumbatana. Mai ameandika sana kuliko wote, kwamba nimsamehe, yeye ndiye msomaji wa kiapo, hapakuwa na wa kushika nafasi yake.

Nimesimama dirishani kila gari liliposimama. Mchana walikuwa wameshaapa. Alasiri wangeweza kuja. Magharibi wangeweza. Ni mwendo wa nusu saa.

Picha zimewekwa. Wamevaa nyeupe. Wanacheka, na Mai yumo.

Nina hasira mpaka meno yaniuma. Najua Nani ndiye wa kuliliwa leo. Nimelilia picha.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua. Watu walipungua. Baada ya adhuhuri mlango ukagongwa, na alikuwa Bi Hoa. Peke yake, koti limelowa, mfuko wa machungwa mkononi. Ameendesha kutoka Houston asubuhi yote katika mvua ile. Mai alimpigia simu jana akilia, akamwambia yaliyotokea.

Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akamtazama Mama. Hakusema pole, wala hakujua kusema makiwa. Aliuliza kwa Kiingereza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu Ijumaa hakuna aliyemuuliza Mama hivyo. Wengine walimjua Nani, au walijua misiba. Mama akakaa chini. Akaanza kueleza, Kiingereza chake cha kazini, kikimwishia anaingia Kiswahili, nami natafsiri. Kwamba Nani alikuwa mkali. Kwamba alichukia kuguswa mikoba yake. Kwamba aliuza kachori mpaka akawasomesha watoto wote, na hakuna aliyewahi kumwona akiila. Bi Hoa akicheka panapochekesha. Sikuwa nimezijua habari zote, hizo za kabla sijazaliwa. Nilizijua leo kwa sababu ilinibidi nizitafsiri.

Alikula nasi sakafuni. Kisha akasema lazima arudi, mamake mzazi yuko nyumbani na jirani, na siku hizi kumbukumbu zinamtoroka. Alinishika kidevu kidogo, kama anayetazama jino, akaondoka.

Mama akakusanya sahani. "Huyo ni nani kwako?"

Nikamwambia yote. Chama, Jumatano, kiapo, Alief.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utakataa."

"Ningekataa." Akasimama na zile sahani. "Na yeye ndiye mkubwa wao?"

"Yeye ndiye aliyekianzisha."

"Na wengine?"

"Wametuma mioyo."

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akacheka mpaka akaketi tena, na kicheko kikageuka kilio, nikamshika. Tukakaa hivyo.

Jumatano, 13 Novemba

Nimerudi chuoni. Ni Jumatano na sina pa kwenda.

Jumamosi, 16 Novemba

Joy na Mai wamekuja chumbani. Mai macho mekundu. Joy kabeba chungwa moja na ua kwenye chungu. Hapakuwa na pa kukaa, nikaondoa vitabu kwenye kile kitanda kitupu, wakakaa hapo wamebanana.

Joy alianza kama aliyejiandaa, kisha akaliacha aliloliandaa. Alisema hawakujua la kufanya. Waliogopa. Labda kwetu wageni hawaruhusiwi, labda wangevaa vibaya, labda wangesema neno la kuudhi. Wakajadiliana kwa simu mpaka giza likaingia, kila mmoja akamwachia mwenzake.

Nikasema, "Ningependa mje mkosee."

Mai akaanza kulia tena. Sikumbembeleza. Sikuwa nayo nguvu ya kumbembeleza mtu kwa msiba wangu mimi.

Joy akasema wamepiga kura, naweza kuapa Februari, peke yangu, bila kungoja mwaka. Nikamwambia nitafikiri. Walipofika mlangoni nikamwambia Mai anisubiri Jumatatu tutoke maabara pamoja. Akaitikia kwa kichwa tu. Kwake hilo ni kimya kirefu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimewajibu. Nitaapa. Nimejiuliza wiki nzima kwa nini, na hili ndilo nililolipata. Chama hakikuja. Aliyekianzisha alikuja. Sijui kipi kati ya hivyo viwili ndicho chama, lakini kuna mmoja kati yao ambaye ningependa kufanana naye, na njia yake ilipitia humu.

Nilitaka kitu kimoja. Nikiapa, niwe mimi wa kuwafundisha wanagenzi historia. Joy akafikiri. Akasema maandishi ya makao makuu lazima nisome kama yalivyo. Nikasema nitayasoma kama yalivyo. Akasema kuhusu nitakayoyasema baada ya kumaliza kusoma, yeye hana habari. Nadhani Joy nilimkosea kidogo kumwona wa barafu.

Mama nimemwambia. Amesema, "Haya." Haya ya Mama ina vyumba vingi. Hii ilikuwa na dirisha.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Wamarekani. Bweni limefungwa, niko Euless. Mama kazini, ndege hazina sikukuu. Ghorofa lote kimya, hata watoto wa chini wamekwenda kwa watu. Nimeweka kuku jikoni kwa ajili ya Mama akirudi. Mai yuko kwao, ametuma picha ya meza yenye watu wengi sana. Sikuona wivu. Nimeona, kidogo.

Mchana nikampigia Bi Hoa kumtakia heri. Simu ikapokewa na sauti nyembamba ya kizee, ikisema Kivietnam. Mamake. Nikajitambulisha kwa Kiingereza, nikamwuliza Bi Hoa yuko wapi. Akaendelea na Kivietnam chake, bila haraka, kama anayeniambia jambo tulilokuwa tumelianza jana. Aliponyamaza nilijua ni zamu yangu.

Sijui kwa nini nilimjibu Kiswahili. Nikamwambia habari za mvua, za Mama na ndege zake, kwamba leo sijafungua kinywa tangu asubuhi. Akasikiliza. Akajibu kirefu. Nikamwambia Nani angekuwa mwenzake kwa umri. Akasema neno, akacheka, nami nikacheka.

Kisha hakuna aliyesema. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe upande wake. Nikaiweka simu mezani bila kuikata, nikaenda kumgeuza kuku. Niliporudi alikuwa bado yupo.